Flashi ya Mgongoni

Hivi umeshamwona mwanamume akichagua flashi kama anayechagua papai? Shebughe alizigeuzageuza zote pale dukani. Alitaka ya kupigia picha ndani ya pango lililojaa maji. Binti yake Saumu angeivaa mgongoni, apige mbizi na kutangulia mbali gizani.

"Hata mimi hukunichagua hivi," mkewe alimtania.

Muuzaji akaeleza, "Hii ikiona mwanga wa kamera, nayo inawaka."

"Na jiwe likiwa katikati?" mke akauliza.

"Hapo haiwaki, mama."

"Tutazoea," Shebughe akasema.

Saumu, aliyekuwa kando yao, alishajifunga mkanda wa flashi, anacheka. Mama yake akaunyoosha ulipopinda, vidole vikakataa kuuachia.

Shebughe akabonyeza kamera. Mgongo wa Saumu ukawaka, ukazima.

"Sitaki aende," mama akasema.