Jino la Mbele la Sihaba

Miaka hiyo, jino la mtoto likioza, Serikali ilimchukua mtoto mwenyewe ikamlea mpaka aote meno ya ukubwani. Wazazi waliambiwa wameshindwa kumtunza.

Mwanakombo alikuwa akimpigisha mswaki mwanawe Sihaba, wa miaka miwili, alipoona doa la kahawia kwenye jino la mbele. Akamwita mumewe.

"Kliniki ni kesho," alisema. "Wataliona, Makame."

Makame aliinama akalitazama doa. "Jino lililong'oka kwa kuanguka hawalihesabu," alisema. "Mshike kichwa, mama Sihaba."

Sihaba alilia mpaka sauti ikamkauka. Mwanakombo alimkumbatia, kanga yake ikilowa damu, naye akilia.

Kesho yake muuguzi alichungulia kinywa cha mtoto. "Ameanguka?"

"Ameanguka," Mwanakombo alijibu.

Muuguzi hakuuliza zaidi. Mwanakombo aliporudi kwenye benchi, ndipo alipowatazama watoto wengine. Karibu wote walikuwa na mapengo, na mama zao waliinamisha nyuso. Mmoja tu alikuwa na meno yake yote, mawili yakiwa meusi, na mama yake alikuwa amemng'ang'ania kifuani.