Mita Tatu

Roboti ya saba ilisimama ghafla mbele ya mjomba, ikarudi nyuma mita tatu kamili.

"Mpwa wangu," mjomba alimwita mwalimu wa roboti, "hili dude lako vipi? Ninanuka?"

Watembeaji arobaini waliokodiwa kuwa umati wa majaribio wakacheka ukumbi mzima. Kicheko kikaishia kwenye miayo.

"Linakuheshimu, mjomba. Hebu kaa kidogo."

Mwalimu hakushtuka. Kwa miezi minane alizionyesha roboti zake kumi na mbili video za watu wakianguka stesheni, mpaka zikaweza kuitambua hatua inayolegea kabla mwenyewe hajajua. Anayekaribia kuanguka aachiwe mita tatu: kanuni hiyo aliipigania yeye. Mjomba ana goti bovu, roboti imeliona. Basi.

Leo ulikuwa mtihani. Zisipopita salama katikati ya umati, mradi unafungwa, nazo zinakuwa chuma chakavu. Mkaguzi alishalisema hilo bila kupepesa macho.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Jenereta lilihamishiwa varandani kukwepa mvua, na mkaguzi akaamuru milango na madirisha yafungwe, maana kelele zilimpasua kichwa. Vilifungwa. Kichwa hakikupoa.

"Tembeeni basi!" mwalimu alipaza sauti. "Mbona mnajikokota kama kobe mwenye mimba?"

"Usingizi umetukaba, mwalimu!" mmoja akajibu.

Roboti ya tatu ikajitenga. Ikafuata ya tisa. Kisha zote, moja baada ya nyingine, zikaacha njia zao, zikaenda kujibana ukutani na kutulia tuli.

"Zimegoma," alisema mkaguzi, akifikicha macho. "Pole, mama. Naandika zimefeli."

"Nipe dakika moja tu, mzee wangu."

Miezi minane ya kutwanga maji kwenye kinu! Aliivuta kompyuta, akatafuta kosa. Kwenye skrini, duara jekundu lilimzunguka mjomba pale alipoketi. Lingine lilimzunguka dada wa kando yake. Lingine, na lingine. Alihesabu, akapotea, akaanza upya. Sakafu yote ilikuwa nyekundu; haikubaki nafasi hata ya kupitisha gurudumu.

Maduara mawili ya mwisho yalikuwa hapa mezani. Moja lilimzunguka mkaguzi, aliyekwisha kulaza shavu juu ya fomu yake.

Mwalimu aliyatazama madirisha yaliyofungwa. Nje, jenereta lilikuwa bado linanguruma, moshi wake ukipenya chini ya mlango.

Akajaribu kusimama.