Kisanduku cha Mstari Mmoja

Mbuzi wa Raheli alipokuwa anaburutwa kwenda kwa mwenyekiti, Raheli alikuwa nyuma yake na simu juu, anawaonyesha watu tangazo.

"Someni wenyewe! Hapa pameandikwa nini?"

Watu wakasoma. Palikuwa pameandikwa: "Ndugu zangu wapendwa katika Bwana, nawasalimu nyote kwa..." Halafu vidoti vitatu. Basi.

"Si umesalimiwa?" akasema mwenyekiti Tumainieli. "Ungeitikia, ukaja."

Hivyo ndivyo kijiji cha Vudee kilivyoingia kwenye maendeleo. Zamani msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mifereji na kutoa tope kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia, uliitwa kwa pembe. Pembe likilia, hata kiziwi anauliza kuna nini. Sasa pembe limetundikwa ukutani kwa mwenyekiti kama picha ya harusi, na mwito unakuja kwenye simu. Siku, saa na mahali, vyote vimo ndani ya tangazo. Asiyefika anatoa mbuzi. Mbuzi anaingia nyumbani kwa mwenyekiti kwa niaba ya kijiji, na kijiji kinapata harufu.

Programu yenyewe aliitengeneza Loth, mjukuu wa Bibi Ernesta, aliyerudi kutoka chuo Dodoma na kompyuta mgongoni. Aliijaribu vizuri sana. Aliandika "Mambo", kisanduku cha tangazo kwenye simu kikaonyesha "Mambo", akajipigia makofi. Alisahau kwamba mzee wa Kipare haombi hata chumvi kabla hajausalimia ukoo mzima. Salamu za mwenyekiti zilijaza mstari, na kisanduku kilikuwa cha mstari mmoja.

Bibi Ernesta alikuwa na mbuzi mmoja tu, wa maziwa. Naye msaragambo uliopita ulimpita kama ulivyowapita wenzake.

"Kwa uzee wako nimekusamehe, mama," mwenyekiti alimwambia, alipopita kwake na jembe begani. "Lakini inauma. Juzi nimesimama kule ndivani peke yangu tangu asubuhi, jua linanichoma, sioni hata mtu mmoja. Ukikosa tena, ni mbuzi."

"Pole, baba. Jua baya." Bibi Ernesta alikuwa anazigusa kanga zake kambani. Zilikuwa hapo tangu juzi, na bado zilitona maji. "Jembe jipya hilo?"

"Jipya."

"Naona. Hata karatasi ya dukani halijavua. Sasa baba, si umwambie Loth airekebishe hiyo programu, tukaona na maneno mengine?"

"Programu haina kasoro. Mimi ninapoandika nayaona yote. Ugonjwa wa hapa ni uvivu wa kusoma."

Akaenda zake, viatu vinang'aa.

Loth alikuwa jikoni anakunywa chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbuzi naye anakusalimia. Anauliza atachinjwa lini."

"Bibi, si jambo rahisi. Kile kisanduku nilikipa kimo maalumu..."

"Ulikipa wewe?"

"Ndiyo."

"Basi kinyang'anye."

Loth akavuta pumzi, akaeleza. Maandishi yanatakiwa yafungwe kwenye kisanduku pande zote nne, kama mzigo juu ya punda. Yeye alifunga juu, kushoto na kulia, chini akasahau. Kwa hiyo maneno yakiongezeka, kisanduku hakihisi kusukumwa, kinakaa vilevile. Tena idadi ya mistari aliandika moja, kumbe inatakiwa sifuri.

"Sifuri?"

"Sifuri maana yake mingi kadiri inavyohitajika."

"Aa! Ndiyo maana ulikuwa ukiniletea sifuri kutoka shule huku unachekelea."

Akakaa naye mpaka alipomaliza. Kila kijana aliponyanyua kichwa, mbuzi alilia nje, na kila mbuzi alipolia, kijana aliinama tena. Hatimaye akaandika tangazo refu la kujaribia. Kisanduku kikakunjuka kama mkeka, kikaishia pale maneno yalipoishia.

Ikabidi sasa programu mpya iingie kwenye kila simu. Loth alizunguka nyumba hadi nyumba, bibi yake mbele na fimbo.

"Twende na kwa mwenyekiti," Loth akasema.

"Kufanya nini? Si kasema yeye anayaona yote? Usimsumbue mtu mzima."

Jumamosi tangazo likaja. Likafunguka lote. Salamu, salamu za mke wake, shukrani kwa Mungu kwa ukungu na kwa migomba, halafu, huko chini kabisa, ambako hakuna jicho la Vudee lililokuwa limewahi kufika: "Msaragambo ni Jumatatu saa moja asubuhi, ndiva ya juu. Nitakuwepo kama kawaida yangu. Asiyefika, hata awe nani, atatoa mbuzi, naye ataliwa siku hiyohiyo."

Raheli akaanza kuandika jibu, na halikuwa jibu la kanisani. Bibi Ernesta akamshika mkono.

"Jibu kama siku zote, mwanangu."

Raheli akaandika "Amina". Kijiji kizima kikaandika "Amina".

Jumatatu asubuhi Vudee yote ilikuwa juu ya ndiva, ndani ya ukungu, majembe mabegani. Saa moja ikafika, ikapita. Wakahesabiana. Walikuwa wametimia wote, isipokuwa mmoja. Na pale mahali alipokuwa akisimama peke yake kila msaragambo, akichomwa na jua, nyasi zilifika kiunoni, hazijakanyagwa hata na panya.

Kila mtu alikuwa na jembe. Bibi Ernesta peke yake alikuwa amebeba sufuria.