Kikapu cha Kindi Mlangoni kwa Buku

Hii ya Kindi isikieni, maana hata Konokono alipoisikia alikimbia kwenda kuwasimulia wenzake!

Panya Buku alikuwa na ghala ambamo wanyama waliweka karanga zao. Anayetoa alihudumiwa asubuhi, lakini anayeweka alisubiri hadi jua lizame ndipo akiba yake ihesabiwe. Ukitoa zaidi ya ulichonacho, faini ni konzi nzima ya karanga kwa kila punje.

Kila alfajiri Kindi, mchapakazi yule, alitua kikapu kilichojaa pomoni mlangoni, kisha akaomba karanga chache za watoto wake.

"Akiba yako ya jana imekwisha kwa faini, binti yangu," Buku alimwambia. "Nitakupa, ila faini ipo."

"Imekwishaje, Mzee Buku? Kikapu si hicho hapo!"

"Hicho hakijaingia."

Kindi akawa analipa huku moyo unamchemka. Hadi asubuhi moja mkia ukamsimama wima!

"Mzee, kikapu changu hakijaingia?"

"Mara ngapi nikwambie? Hakijaingia!"

"Basi bado ni changu!"

Akakinyakua, huyoo, mtini, akipiga vigelegele! Kwenye foleni nyuma yake, Nungunungu akabeba chake. Sungura akabeba chake. Foleni nzima ikatimua mbio, mlangoni pakabaki peupe.

Buku alizoea kushiba faini za wenzake, na ghalani hapakusalia hata punje. Kesho yake adhuhuri alifika chini ya mti wa Kindi, ameshika tumbo.

"Binti yangu, nakufa njaa. Nirushie hata punje moja."

Kindi akachungulia kwa adabu zote.

"Pole, Mzee Buku. Njaa yako haijaingia. Subiri jua lizame."