Herufi Nene za Machano

Sheikha aliibana sahani ya kikombe kwenye ukuta wa ghala, akaizungushia penseli, akapata O iliyotimia, haina bonde wala kilima. Mumewe hutumia bikari, lakini bikari ilichukuliwa pamoja naye.

Adhana ya Ijumaa ilikwisha. Wanaume wa Malindi wako msikitini, wanawake wako jikoni wanapika kisichokuwepo. Hapana saa nzuri kama hii ya kuchafua ukuta wa serikali mchana kweupe.

Machano, mumewe, ni mwandika mabango. Herufi zake mji mzima unazijua: nene, zimenyooka kwa rula, hazina mkia wala madoido. Ziko kwenye bango la kiwanja cha mpira Amani, ziko juu ya milango ya maduka yasiyo na bidhaa. Watu kwenye foleni humtania: "Machano, herufi zako zimenona kuliko sisi. Wazilisha nini?"

Wiki iliyopita herufi hizo zikakutwa kwenye ukuta huu huu, zinauliza: MCHELE UKO WAPI? Haikuhitajika sahihi. Machano walimfuata hajamaliza chai yake, nayo ilikuwa ya bila sukari.

"Si mimi," aliwaambia. "Herufi hizi hazina mwandiko. Mwenye rula na subira yeyote anaziweza."

"Basi chukua rula yako twende," wakamjibu.

Jana Sheikha alipompelekea mumewe chakula kituoni, askari wa mlangoni alikifunua, akakinusa, akacheka.

"Bibie, kama si yeye, huyo mwandishi mbona kanyamaza tangu tumshike huyu?"

Sheikha alirudi nyumbani akatoa mvunguni kopo la rangi nyeusi. Herufi zikionekana tena, na Machano yumo ndani, hata mwenye kichwa kigumu vipi atajua kuwa mwandishi yuko nje. Watamwachia tu.

Sasa akaijaza rangi ile O, akamalizia alama ya kuuliza, akarudi nyuma kuitazama kazi. MKATE NAO? Machano mwenyewe angeiona, angeapa kaiandika yeye.

Akaficha kopo ndani ya buibui, brashi akaitia kikapuni chini ya mchicha, akakata vichochoro mpaka nyumbani Funguni. Hakupishana hata na paka. Hotuba bado ilikuwa inasikika kwa mbali.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Machano alikuwa amekaa juu ya kibao, kavaa kikoi, kichwa kinachuruzika maji, anakula muhogo wa jana kwenye sufuria.

"Wamekutoa?" Sheikha akaificha mikono yake ndani ya buibui.

"Wamenitoa. Adhana imenikuta njiani." Akamega muhogo mwengine. "Nilikuwa nnanuka kama beberu, msikitini ningeingiaje? Nikasema n'ende nikaoge kwanza."

"Wamekwambiaje?"

"Mkubwa wao kaniambia wamenisamehe. Ila herufi zile zikionekana tena, safari hiyo hakuna kuulizwa."

Sheikha akakaa chini palepale mlangoni.

"Nani kakuona ukirudi?"

Machano akacheka, mdomo umejaa.

"Nani wa kuniona, Sheikha? Mtaa mzima uko msikitini."