Saa Arobaini na Tano

Mlango wa lori ulipogongwa mara ya tatu, Stamen Gerginov alijifunika blanketi usoni akajifanya hayupo. Ujanja wa bure. Soksi zake mbili zilikuwa zimeanikwa kwenye usukani, mbichi bado, na kila apitaye barabarani aliziona.

"Mzee, fungua. Mkaguzi wa barabara."

Alifungua. Chini alisimama msichana mwenye kizibao cha manjano na kishikwambi mkononi, na uso wa mtu aliyetolewa kitandani Jumapili saa mbili asubuhi. Nyuma ya lango la nyumba iliyokuwa hatua kumi kutoka hapo, mbwa alikuwa akimbwekea kama mwizi.

"Leseni na kadi ya dereva."

Akampa. Msichana akasoma saa zilizorekodiwa kwenye kadi.

"Umesimama hapa tangu Ijumaa saa moja jioni. Haya ni mapumziko yako ya wiki, saa arobaini na tano. Umelala wapi?"

"Nimesinzia kidogo tu."

"Umesinzia na pajama?"

Stamen akajitazama, akafunga kifungo cha juu.

"Sheria imebadilika, mzee. Mapumziko ya wiki hayalaliwi ndani ya gari. Kitanda cha kweli, bafu, choo."

Kumfundisha Stamen sheria hiyo! Miaka michache nyuma alisimama kule Sofia, mji mkuu, mvua ikimnyeshea, na bango aliloliandika kwa mkono wake: SISI SI MIZIGO, TUPENI VITANDA. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka wiki nzima. Wakubwa wakakaa, wakairekebisha sheria, na madereva wa nchi kumi wakashangilia. Tangu hapo yeye mwenyewe alikuwa ameshakamatwa mara mbili akiivunja, mara moja Austria na mara moja Hungaria.

"Na hii ni ya tatu," msichana alisema, macho kwenye kishikwambi. "Leseni inafungiwa mwaka mzima."

Stamen alikuwa na miaka hamsini na minane. Bila usukani hakujua hata aamke asubuhi kufanya nini, na jambo hilo lilimtisha kuliko barafu ya milimani.

"Na si kwamba vitanda hakuna," msichana aliendelea, akionyesha kwa kidole.

Kweli, vilikuwa vimejaa tele. Tangu sheria ibadilike, nusu ya kijiji hicho cha mpakani walikuwa wametundika vibao: VYUMBA KWA MADEREVA, MAJI MOTO. Lango lile la mbwa nalo lilikuwa na chake. Madereva wawili wa Kituruki walikuwa ndio kwanza wanatoka humo, ndevu wamenyoa, wanatafuna mkate wa jibini. Wakampungia Stamen mkono kwa huruma.

"Pale umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Pachafu?"

"Pasafi mno."

"Ghali?"

"Hapana. Ila mwenye nyumba anasema sana."

"Mzee, hiyo si sababu."

Stamen akakuna kichwa. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu.

"Binti, kitanda hiki cha ndani ya gari nimekilalia miaka ishirini na tisa. Kina upana wa sentimita sabini. Nikilala kwenye kitanda kipana naona nitaanguka. Kimya kinanikosesha usingizi. Mguu unatafuta breki. Juzi nilivumilia pale mpaka saa nane usiku, nikatoka kwa kunyata, viatu mkononi. Hapa nikalala kama mtoto mchanga."

Msichana aliigeuza leseni mara mbili vidoleni, na Stamen akaanza kupata matumaini.

"Ningekuacha, kweli tena," msichana akasema. "Lakini nimeitwa. Kuna mama amepiga simu mara tatu tangu jana. Ametaja namba ya gari, saa uliyozima injini, hata mistari ya hiyo pajama yako."

Stamen akainua macho taratibu kwenye dirisha la ghorofani, nyuma ya lile lango. Pazia likatikisika.

"Mwenye nyumba huyo," akasema. "Hebu niache niongee naye."

"Mnafahamiana?"

"Kidogo."

Alikuwa amechelewa. Lango likafunguliwa nusu, akatoka mwanamke mnene aliyevaa aproni, unga mpaka kwenye viwiko. Alimnyamazisha mbwa kwa neno moja. Kwa Stamen hakutupa hata jicho.

"Umeshaandika?" akamuuliza mkaguzi.

"Bado, mama. Gari limekuzibia njia?"

"Njia haina neno. Niambie kitu kimoja tu. Inafungiwa mwaka mzima kweli, au ni maneno ya redioni?"

"Mwaka mzima."

"Hata akilia? Hata mwajiri wake akileta barua?"

"Hata wakija wote wawili wakilia."

Mwanamke akashusha pumzi ndefu, akatabasamu mpaka machozi yakamlengalenga. Mkaguzi alimkunjia uso. Hakuwapenda watu wanaochekelea msiba wa wenzao, tena mzee wa watu kama huyu, aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti chake bila hata viatu. Lakini kazi ni kazi. Akaifungua fomu.

"Pole, mzee. Makazi yako wapi? Kijiji, mtaa, namba ya nyumba."

Stamen akaukodolea macho usukani, kama mtu aliyesahau.

"Andika kijiji hiki hiki, mtaa huu huu, namba kumi na mbili," mwanamke akamjibia, akilisukuma lango mpaka mwisho. "Na wewe, mume wangu, shuka. Kahawa inapoa."