Milio Minne

"Daktari mzima hasikii kilichosikiwa na kila mtu tangu asubuhi!" Profesa Ampofo aliwageukia watahini wenzake wawili, akacheka. "Haya, binti, sikiliza tena. Labda masikio umeyasahau nyumbani."

Dzifa Agbeko akainama tena juu ya kitanda cha sita. Huu ulikuwa mtihani wake wa tatu wa ubingwa wa moyo, na wa nne haupo. Akianguka leo, basi tena.

Na jibu alikuwa nalo! Nani asiyelijua? Kitanda cha sita ni Ebstein, kasoro adimu ya kuzaliwa nayo: mlango mmoja wa moyo umeteremka mahali pake, na moyo unapiga milio minne badala ya miwili. Miaka kumi na moja mgonjwa wa mtihani ni yuleyule, huitwa kwa barua. Watahiniwa wanne waliotangulia walitega sikio nusu dakika, wakatamka "milio minne", wakapita. Mabingwa hao!

"Bwana mkubwa," mwanamke wa kitandani alianza, "mimi nimekuja ku—"

"Mama Ebstein, funga mdomo. Kazi yako ni kulala." Profesa hakumtazama hata usoni. Jina lake halisi hakulijua, na la nini?

Kitambaa cheusi cha msiba kilikuwa kimekunjwa kando ya mto. Midomo ya mwanamke ilikuwa na rangi nzuri, si ya buluu kama ya wagonjwa wa Ebstein.

"Umepanda ngazi, mama?" Dzifa alinong'ona.

"Ghorofa nne, mwanangu. Lifti yenu mbovu."

Wala hakuwa akihema. Dzifa akasikiliza. Mlio, mlio. Kimya. Mlio, mlio. Kimya.

Lo, alivyotamani kusema uongo! Maneno mawili tu, na mama yake kule mjini Ho angecheza ngoma barabarani.

"Milio miwili," alisema. "Moyo huu ni mzima, Profesa. Ningeomba picha ya moyo nihakikishe."

"Picha! Moyo huu niliugundua mimi, kwa masikio haya, wewe ukiwa bado unakariri alfabeti." Akaweka kipimo chake cha kusikilizia moyo kifuani pa mwanamke, akafumba macho kama mtu anayeonja supu. "Moja, mbili, tatu, nne. Hata kiziwi angeisikia."

Watahini wenzake nao wakasikiliza, mmoja baada ya mwingine, wakatikisa vichwa kukubali. Minne, bila shaka. Profesa akaandika kwa herufi kubwa: AMEANGUKA.

"Nenda ukatibu mafua, binti. Mwite anayefuata."

Mwanamke akaketi kitako, akawatazama wote watatu kutoka juu hadi chini.

"Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema basi, upesi."

"Huyo Ebstein wenu alikuwa dada yangu, Adwapa. Tulimzika Obuasi mwezi wa tatu. Mimi nimekuja kutoa taarifa tu, nikaambiwa nivue nguo nilale."